Wanamlilia kikaragosi, alafu wanamcheka mwenzao

*Swali:* "Mimi ni mwalimu wa chekechea, nina watoto 41 wa miaka mitano na sita. Mwaka huu nilishona kikaragosi kwa soksi ya shule, macho nikaweka vifungo vya shati, nikakipa jina Chiku. Watoto wamempenda kupita kiasi, wanamletea hadi uji. Siku nilipomuigiza anaumwa tumbo darasa lote lilinyamaza kimya, na mtoto mmoja alilia mpaka akakimbilia nje. Nikajua basi huruma imeingia. Nusu saa baadaye, mapumziko, nawakuta walewale wamemzunguka mwenzao mwenye kigugumizi wanamuiga na kucheka. Niliumia sana. Ile huruma kwa Chiku ni uongo? Au wanadhani Chiku ni mzima kweli? Mwalimu mwenzangu anasema nitafute kikaragosi cha dukani chenye sura ya mtu kabisa ndo kitawagusa. Jambo lingine, juzi mtoto wa kike alimnong'oneza Chiku kwamba kuna mtu nyumbani anamuumiza usiku, na akamwomba asimwambie mwalimu. Sijui nifanyeje. Na wananiuliza kila siku Chiku analala wapi, niwaambie nini?"

Mwalimu, nakuomba tuanze na huyo binti, mengine yote yatasubiri.

Alichokisema amekwambia wewe. Mkono ulio ndani ya soksi ni wako, na mtoto wa miaka mitano anajua hilo vizuri kabisa. Ila kusema mbele ya macho yako kunamtisha, kusema mbele ya vifungo viwili vya shati hakumtishi, kwa hiyo amepita mlango wa nyuma. Ukibaki unajiuliza kama una haki ya "kumsaliti Chiku", yeye anabaki anasubiri.

Leo hii, sio Ijumaa, chukua daftari uandike maneno yake kama alivoyatamka, tarehe, saa, na wewe ulijibu nini. Usiyanyooshe, hata kama yamepinda. Alafu usimhoji tena kwa kutumia Chiku, na hapa ndo walimu wenye moyo mzuri wanapoteleza, manake kesho yake wanarudi na kikaragosi wanauliza "eti Chiku anataka kujua, nani huyo, alikufanya nini, alikugusa wapi". Kikaragosi kinamwita mtoto kwenye mchezo. Watafiti waliochunguza wanasesere wanaotumika kuwahoji watoto wadogo wameona mtoto anaweza kuonyesha juu ya mwanasesere jambo ambalo halijatokea, kwa sababu tu kapewa mwanasesere na kaulizwa. Ukishamwaga maswali ya namna hiyo, hata yaliyo ya kweli yanaingiwa na tope, na atakayekuja kumsaidia anapata kazi ngumu mara mbili.

Siri usiiahidi. Akikuuliza, muache Chiku aseme "nimesikia, na umefanya vizuri kuniambia, ila hili ni zito kwangu, namuomba mwalimu atusaidie." Basi. Kutoka hapo nenda kwa mwalimu mkuu na kwa afisa ustawi wa jamii wa kata au halmashauri yenu, au dawati la jinsia na watoto kituo cha polisi, au piga 116 ambayo ni bure. Sheria ya Mtoto ya Tanzania ya mwaka 2009 imempa kila mwanajamii wajibu wa kutoa taarifa kwa serikali yake ya mtaa mtoto anapovunjiwa haki, kwa hiyo huingilii ya watu. Na nakusihi usiite kikao na familia "kuweka mambo sawa" kabla hao hawajajua. Mtoto akirudi nyumbani jioni ile wakati mkosaji kashajua kasemwa, hatari imeongezeka.

Ukishafanya hayo, rudi tuongee habari ya Chiku.

Unauliza kama wanadhani ni mzima. Hapana. Kesho angalia kile kikombe cha uji kwa makini: mtoto anakipeleka mpaka mdomoni kwa Chiku, anakiinamisha kidogo tu, anasema "kashiba", alafu anakunywa mwenyewe. Angekuwa anaamini Chiku ana tumbo angemmiminia, na soksi ingelowa. Ile pembe anayoinamishia kikombe inakwambia kila kitu, kwamba kichwani mwake anashika mambo mawili kwa wakati mmoja na hayagongani. Marjorie Taylor, mwanasaikolojia wa Marekani aliyefuatilia kwa miaka watoto wenye rafiki wa kufikirika, anasimulia jinsi watoto walivyokuwa wakimkumbusha yeye mtu mzima, katikati ya mahojiano, kwamba jamani hii ni ya kuigiza tu.

Na sio watoto peke yao. Kule Japani wana bunraku, mchezo wa vikaragosi ambapo kikaragosi kimoja kinaendeshwa na watu watatu, mmoja kichwa na mkono wa kulia, mwingine mkono wa kushoto, wa tatu miguu, na wote wako hapohapo jukwaani mbele ya macho yako, tena yule mkuu mara nyingi uso wake uko wazi kabisa. Hakuna anayedanganywa. Watu wazima waliolipa tiketi wanalia.

Ntakupa la kwetu. Nikiwa na semina ya walimu huwa nachukua khanga, nafunga fundo moja pembeni linakuwa kichwa, upande mwingine unaning'inia ndo mwili, simshonei macho wala mdomo, sisemi neno. Namnyanyua kidogo, namshusha. Namnyanyua, namshusha. Kama anapumua. Kisha lile fundo linageuka taratibu kuangalia mlango, linarudi kumtazama mtu mmoja mstari wa mbele, linainama. Dakika moja hivi. Alafu nafungua fundo, nakung'uta khanga, nafutia meza. Kila mara chumba kinashtuka, na kuna mama mmoja alisema kwa sauti "Ee, umemuua!" alafu akajifunika mdomo. Alijua ni khanga, kaiona nikiitoa begani kwangu.

Kilichotokea pale kina historia ndefu kwenye saikolojia. Mwaka 1944 wanasaikolojia Fritz Heider na Marianne Simmel walitengeneza filamu fupi ya pembetatu mbili na duara dogo vinavyozungukazunguka kwenye kisanduku chenye mlango, wakawaonyesha wanafunzi wa chuo wakawaomba waeleze walichokiona. Kati ya wanafunzi 34 wa kundi la kwanza ni mmoja tu aliyeongea habari ya maumbo. Wengine wakasimulia ugomvi, mbabe, wapenzi, mtu anayekimbia. Pembetatu! Baadaye, mwaka 1973, mwanasaikolojia Gunnar Johansson akaonyesha kwamba vitaa vichache tu vilivyofungwa kwenye viungo vya mtu anayetembea gizani vinatosha, ukivitazama kwa muda mfupi sana unaona mtu anatembea, vikisimama unaona madoa. Ubongo wetu umekaa mkao wa kumtafuta mwenye nia. Kitu kikienda, kikasita, kikageuka, kikaendea kingine, tayari tumeshampa moyo na tumeanza kujiuliza anataka nini, kabla hata hatujaamua kumhurumia.

Kwa hiyo wewe siku ile ya tumbo, bila kujua pengine, uliwapa watoto dalili zote za uhai zikiwa safi. Pumzi, macho, kujikunja. Wale Handspring wa Cape Town, kampuni ya vikaragosi iliyoanzishwa 1981 na Adrian Kohler na Basil Jones na wenzao, kazi yao yote wameijenga juu ya pumzi. Farasi wao maarufu aliyepanda jukwaani London mwaka 2007 miguu ya waendeshaji inaonekana wazi chini ya tumbo lake, lakini masikio yanatikisika, kifua kinapanda kinashuka, na unaogopa atakupiga teke. Na macho usiyachukulie poa, hata neno lenyewe karagosi linaturudisha kwa Karagöz, mchekeshaji wa michezo ya vivuli ya Waturuki, na hilo jina kwa Kituruki ni "jicho jeusi".

Ndo maana ushauri wa mwenzako kuhusu kikaragosi cha dukani mimi siukubali. Mwaka 1970 Mjapani Masahiro Mori, mtaalamu wa roboti, aliandika kwamba kitu kikizidi kufanana na mtu tunakipenda zaidi, mpaka kinafika mahali kinakaribia kabisa ila sio kabisa, na hapo tunakiogopa kama tunavyoogopa maiti. Alafu akasema kikaragosi cha bunraku, ambacho ukikisogelea hakifanani na mtu kivile, kinapendwa kuliko vingi kwa sababu ya mwendo wake. Chiku wako ana vifungo viwili na soksi ya shule, nafasi iliyobaki watoto wanaijaza wenyewe. Ukitaka kumboresha, visogeze vifungo karibukaribu kidogo viangalie upande mmoja, na jizoeze kumtuliza. Walimu wengi wanatingisha kikaragosi muda wote kama wanapepea moto. Kitazame unapoongea, kikitulia nacho kipumue, watoto watakitazama yeye na sio wewe.

Swali lako gumu ni lile la mapumziko. Hapo nakujibu moja kwa moja, machozi yale yalikuwa ya kweli kabisa. Kosa liko kwenye hesabu yetu sisi watu wazima, tunadhani mtu akiumia kwa ajili ya mwingine basi wema umeshafika, kumbe kuumia ni hatua moja na kutenda ni nyingine, na katikati yake kuna gharama. Chiku hamgharimu mtu chochote. Hashindanii bembea, hachukui nafasi kwenye foleni, na ukimpenda hakuna rafiki atakayekucheka. Kumtetea mwenye kigugumizi mbele ya wenzako watano wanaocheka kunagharimu sana ukiwa na miaka mitano, wewe mwenyewe kumbuka mara ngapi ofisini umenyamaza.

Mfano wa wakubwa: mwaka 2021 kikaragosi cha msichana mkimbizi wa Syria, Amal, mwenye urefu wa mita 3 na nusu, kilichotengenezwa na haohao Handspring, kilitembezwa kilomita 8,000 kutoka Gaziantep kule Uturuki hadi Manchester. Miji mingi watoto walimkimbilia wakamshika vidole. Alipofika Larissa, Ugiriki, kuna watu walimrushia mawe. Umbo lilelile, macho yaleyale. Waliorusha mawe nao walimwona ni mtu, ila walimwona ni mtu wa upande mwingine, na hao waliokuwa wanapungia mkono sina uhakika wote wangemfungulia mlango mkimbizi mwenye miguu yake. Kikaragosi kinakufikisha mlangoni. Kuingia ndani ni kazi nyingine.

Utasikia watu wanasema kuna chembe za ubongo za kioo na hizo ndo huruma yenyewe, kwa hiyo ukimwonyesha mtoto mateso zinawaka na mtoto anakuwa mwema. Zile chembe ziligunduliwa kwa nyani kule Parma, Italia, miaka ya 90 mwanzoni, kwenye kazi ya kushika vitu na kuona mwingine anashika. Kuzipandisha cheo mpaka zikawa ndo chanzo cha wema wa binadamu ni kuruka mbali mno. Na hata zile habari za watoto wachanga kupenda kipande cha mbao chenye macho kinachomsaidia mwenzake kupanda mlima, utafiti wa mwaka 2007 uliosifiwa sana, maabara nyingi zilipoungana kuurudia hazikuona upendeleo huo. Kwa hiyo tusijidanganye kwamba kila kitu wanazaliwa nacho. Kuna kufundisha hapa, na ni wewe.

Huyo aliyekimbilia nje ana la kukufundisha pia. Mwanasaikolojia Daniel Batson alitumia miaka mingi kutenganisha hali mbili zinazofanana kwa nje, moja ni kumjali mwenye shida, nyingine ni kuumizwa na shida yake mpaka unataka tu ikuishie wewe. Wa kwanza anasogea, wa pili anakimbia. Na mwaka 1997 yeye na wenzake walionyesha kwamba ukimwambia mtu awaze mwenye shida anajisikiaje, anapata zaidi ile ya kujali, ila ukimwambia awaze "ingekuwa mimi", inakuja pamoja na taharuki yake mwenyewe. Sasa sisi walimu na wazazi sentensi yetu ya kila siku ni ipi? "Ungekuwa wewe ungejisikiaje?" Jaribu kubadilisha. "Mwangalie Chiku, unadhani yeye anajisikiaje? Anataka nini sasa hivi?" Na usimuache Chiku aumwe muda mrefu bila msaada, mpe dakika moja ya maumivu alafu darasa lipewe kazi, nani analeta maji, nani anamfunika, mpaka apone mbele ya macho yao. Mtoto akizoea kulia bila kufanya kitu anajifunza kulia tu.

Kuhusu kigugumizi, utashawishika umpe Chiku kigugumizi. Mimi ningekuzuia. Najua Afrika Kusini mwaka 2002 walimleta Kami kwenye Takalani Sesame, kipindi cha watoto cha televisheni. Kami ni kikaragosi cha mtoto wa miaka mitano anayeishi na VVU, na ilikuwa kazi nzuri mno, lakini Kami alikuwa na timu ya waandishi na wataalamu, alikuwa mchangamfu, anacheza, anakumbatiwa, na hakukuwa na mtoto mmoja aliyekaa dawati la pili ambaye kila mtu angegeuka kumtazama. Kwako mtoto huyo yupo. Ukimpa Chiku kigugumizi, sekunde ile shingo 40 zinageuka.

Mfanye Chiku awe msikilizaji. Kila mtoto anapoongea naye, Chiku anatulia, anapumua, anasubiri mpaka mwisho wa sentensi hata kama imekaa kidogo, hamalizii maneno ya mtu, alafu anajibu alichoambiwa. Fanya hivo kwa wote, wiki mbili tatu, mpaka kusubiri kuwe ndo desturi ya darasa. Alafu mpe kila mtoto zamu ya kumvaa Chiku mkononi, na yule mwenye kigugumizi pia, asiwe wa kwanza wala wa mwisho. Baadhi ya watoto wenye kigugumizi maneno yanawatoka laini zaidi wakiongea kwa sauti ya mhusika mwingine. Ikitokea usipige makofi ukasema "umeona, kumbe unaweza!", utakuwa umemwambia kwamba sauti yake mwenyewe haitakiwi. Mjibu tu kama unavomjibu mwingine.

Wale wanaomcheka uongee nao wewe, sio Chiku. Ukimtumia Chiku kugomba, mchezo umekufa. Waite wawili watatu, kwa sauti ya kawaida, uwaambie kinachoendelea hakikubaliki, na uwape kazi inayowaunganisha naye, kubeba vikombe, kugawa rangi, kitu chenye mikono. Huruma ya umri huu inapita mikononi kuliko masikioni.

Watoto wa kufuatiliwa mmojammoja ni hawa. Huyo mwenye kigugumizi, kama kimekaa zaidi ya miezi sita, au ameanza kukwepa kuongea, au anakaza uso na shingo neno linapokataa, mzazi ampeleke hospitali ya rufaa aulizie mtaalamu wa tiba ya usemi, sio kusubiri "kitaisha chenyewe", ingawa kwa wengi huisha. Huyo aliyekimbia akilia, ikitokea mara mojamoja ni mtoto laini tu, ila kama kilio kinamfuata nyumbani, halali, anakataa shule, ongea na mlezi wake taratibu ujue nyumbani kuna nini. Na kama kuna mtoto anayeumiza wenzake au wanyama mara kwa mara na kilio chao hakimgusi kabisa, usimpe jina baya, mtafutie mwanasaikolojia au daktari wa watoto mapema, wengi wao wameona mengi kuliko umri wao.

Chiku analala wapi? Usiwaambie uongo mrefu na usiwavunjie mchezo. Tafuta boksi la viatu, watoto walipake rangi, kipande cha kitenge kiwe shuka. Kila siku kabla ya kengele mtoto mmoja anamvua mkononi kwako, anamlaza, anamfunika, anafunga boksi, na jina lake linaandikwa ubaoni kuwa ndo mlinzi wa leo. Wakikuuliza kama anaota, waulize wao anaota nini. Yule wa kigugumizi akifikiwa na zamu yake, muache afunike kwa mwendo wake, wenzake wasubiri.